Mama Simu: Daftari la Maneno ya Mtoto wa Miaka Miwili

Ilikuwa jioni, wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Tumekaa vimbwetani watu sita na desa moja. Simu yangu ikaita, simu ya video kutoka nyumbani Muheza. Kwenye kioo akatokea mwanangu, ambaye nyumbani tunamwita Kadogo, mdomo umejaa wali. Akanitazama, akachota tonge kwa vidole vyote vitano, akalibandika kwenye kamera.

"Mama Simu, kula mamu!"

Kioo kizima kikawa cheupe. Nyuma nikamsikia mama yangu akipiga kelele kwamba simu yenyewe hata deni lake halijaisha. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga soda juu ya desa.

Na mimi nilicheka. Halafu Kadogo akageuka, akamwambia mama yangu, "Mama, maji." Yaani bibi yake ndiye mama. Mimi ni Mama Simu. Usiku ule sikusoma kitu.

Kwa wasionijua: nilijifungua nikiwa mwaka wa kwanza, nikaahirisha masomo mwaka mmoja. Kadogo alipotimiza mwaka na ushee nikamwacha kwa mama, nikarudi chuoni. Sijaandika haya ili nihurumiwe. Tuko wengi hapa chuoni, wasichana kwa wavulana, wenye watoto kijijini na picha zao kwenye simu. Naandika kwa sababu nasoma isimu, na likizo ndefu iliyopita niliamua kufanya jambo moja: kununua daftari na kuandika kila kitu ambacho Kadogo anakisema kikatuchekesha. Nilitaka kujua hiyo "Mama Simu" imetoka wapi. Nimerudi na daftari limejaa, na nimegundua kwamba karibu kila kichekesho kina kanuni ndani yake.

Mamu

Nyumbani kwetu chakula cha mtoto ni "mamu", na kusimama ni "dede". Hakuna anayejua nani alianza. Sasa sikia hii. Mwaka 1877 Charles Darwin, yule yule wa nadharia ya mageuko, alichapisha makala fupi kuhusu ukuaji wa mwanawe wa kwanza, kutokana na kumbukumbu alizoziandika yapata miaka 37 kabla yake. Anaeleza kwamba mtoto alipotimiza mwaka mmoja kamili alijitungia neno lake mwenyewe la chakula. Neno hilo lilikuwa "mum". Uingereza ya karne ya 19 na Muheza ya leo, neno karibu ni lile lile.

Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili vizuri. Mtoto anaponyonya midomo imebanwa, kwa hiyo mlio pekee anaoweza kuutoa ni ule unaopitia puani: mmm. Baadaye mlio huo huo anautoa akiona chakula, kisha akikitaka, kisha akimtaka anayekileta. Ndiyo maana lugha nyingi sana zisizo na udugu zina "mama" au neno linalofanana nalo.

Nilipolisoma hilo nikakaa kimya kidogo. Maana yake ni kwamba kwa mtoto, "mama" huanza kama kazi kabla ya kuwa mtu. Anayeleta mamu ndiye mama. Na nyumbani kwetu anayeleta mamu ni bibi.

Konda aliyepata mtoto ghafla

Siku moja nilipanda naye basi dogo kwenda Tanga mjini. Konda akapita kukusanya nauli. Kadogo akamnyooshea mikono na kuita kwa sauti ya kufika Segera: "Baba!"

Basi lote likanyamaza, halafu likalipuka. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Konda, lipa wewe nauli, mwanao huyo." Konda mwenyewe, kijana wa watu, akabaki anahesabu chenji huku jasho linamtoka. Mimi nilitamani kiti kinimeze.

Lakini kwenye daftari nilikuwa tayari nimeandika kwamba kwa Kadogo mbuzi ni "mbuzi", mbwa ni "mbuzi", na punda wa jirani naye ni "mbuzi". Mtoto ana maneno machache na dunia ni kubwa, kwa hiyo kila neno linafanya kazi ya maneno kumi. Hafanyi hivyo ovyo ovyo. Hajawahi kuita kijiko "mbuzi". Amechagua sifa moja, miguu minne, akaipa jina. Kwa "baba" amechagua mwanamume mtu mzima. Maneno yakiongezeka, kila moja linarudi kwenye nafasi yake. Mwisho wa likizo mbwa alikuwa mbwa, na makonda wote wa Tanga walikuwa salama.

Nikubebe!

Hiki ndicho kituko cha kila siku. Kadogo akichoka kutembea anasimama mbele yako, ananyoosha mikono juu na kuamrisha: "Nikubebe!" Ukimtania, "Haya, nibebe," analia kwa hasira. Akitaka maji anasema, "Nikupe maji!"

Mjomba wake alisema mtoto kachanganyikiwa. Hapana. Fikiria anachokisikia yeye. Kila kabla ya kubebwa, mtu mzima humuuliza, "Nikubebe?" Kila kabla ya kupewa maji, "Nikupe maji?" Kwa hiyo kwake "nikubebe" ni jina la tendo zima la kupandishwa mgongoni. Bado hajaikata vipande ni-, -ku-, -beb-. Tena "mimi" na "wewe" ni maneno magumu kuliko tunavyodhani, kwa sababu yanahama. Meza ni meza akiitaja nani, lakini "mimi" ni wewe ukisema wewe, na ni mimi nikisema mimi. Hakuna kitu duniani unachoweza kumwonesha mtoto kwa kidole ukamwambia hiki ndicho "mimi" siku zote.

Paka lala

Mwanzoni mwa likizo sentensi za Kadogo zilikuwa kama ujumbe wa mtu mwenye vocha ya mwisho. "Paka lala." "Bibi enda soko." Viambishi vimeenda wapi?

Mwaka 2005 mwanaisimu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza Kiswahili, kwa kuwafuatilia watoto wanne wa Nairobi. Aliona kwamba wadogo hudondosha mara kwa mara kiambishi cha nafsi, au cha njeo, au vyote viwili. Lakini wanapokiweka kiambishi cha nafsi, mara chache sana huweka kisicho chake. Nikapitia daftari langu na kukuta hivyo hivyo. Kadogo alikuwa akisema "paka lala", baadaye "paka kalala", lakini hakuna mahali niliposikia "paka nimelala". Sisi tunacheka kilichokosekana na hatuoni ni makosa mangapi ambayo mtoto hayafanyi.

Vyai viwili

Asubuhi moja mama aliweka vikombe viwili vya chai mkekani. Kadogo akaviangalia, akatangaza: "Vyai viwili!"

Wote tulianguka. Lakini hebu tumia akili ya mtoto. Chumba, vyumba. Chombo, vyombo. Chakula, vyakula. Choo, vyoo. Chai... Sasa nani hana mantiki, yeye au sisi? Neno "vyai" hakulisikia popote. Hakuna mtu mzima nyumbani anayelisema. Maana yake hakuiga. Amesikiliza mamia ya maneno, akachomoa kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha, akaitumia.

Mwaka 1958 Jean Berko alilithibitisha hili kwa watoto wa Marekani kwa njia rahisi sana. Aliwachorea kiumbe kisichokuwepo, akakipa jina la kubuni, kisha akawachorea viwili na kuwaacha wamalizie sentensi kwa neno la wingi. Watoto wengi walilitaja sawasawa, ingawa neno lenyewe halikuwahi kuwepo duniani. Nikajaribu. Nikamchorea Kadogo kitu chenye miguu mitatu na kofia. "Huyu ni kidoru. Ona, sasa wako wawili. Hapa kuna nini?"

"Vidoru!" Akafikiri kidogo. "Vidoru taka mamu."

Na kabla hatujamcheka zaidi, tujitazame wenyewe. "Kitabu" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe. Wingi wake ni "kutub". Waswahili wakasikia ki- wakasema, ahaa, basi wingi ni "vitabu". Mzunguko wa barabarani tunauita "kiplefti", kutokana na Kiingereza cha kibao kinachowaambia madereva wapite kushoto, na ikiwa miwili tunasema "viplefti". "Madigadi" nayo ni neno zima la Kiingereza, lakini masikio yetu yakasikia ma- ya wingi, na moja likawa "digadi". Hakuna kamati iliyokaa kuamua hayo. Ni watu wazima waliofanya alichofanya Kadogo na chai. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi, hakuna aliyewacheka, na leo wamo kwenye kamusi.

Washua taa

Usiku mmoja akaniamuru, "Mama Simu, washua taa." Nikahangaika. Taa inawaka, niiwashe vipi tena? Akakasirika, akaonesha swichi. Alitaka nizime.

Mnajua kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Kadogo ameigundua mwenyewe. Washa, washua. Mwanaisimu Melissa Bowerman, aliyeandika usemi wa binti zake wawili kwa miaka, aliwakuta nao wakijiundia kwa Kiingereza vitenzi vya kutengua ambavyo havimo kwenye lugha. Kanuni ipo, kinachokosekana ni habari kwamba nafasi hiyo tayari ina neno lake, "zima". Habari hiyo haiji kwa akili. Inakuja kwa kusikia tu.

Meza mbaya

Kadogo akijigonga kwenye meza, bibi yake anakuja mbio na kuichapa meza. "Nani kakupiga? Huyu? Mbaya huyu! Chukua!" Mtoto ananyamaza na kuitazama meza ikipata haki yake. Nyumba gani Tanzania haijawahi kuadhibu meza?

Jean Piaget, aliyechunguza sana akili ya watoto, wakiwemo wake watatu, aliandika kwamba mtoto mdogo huvipa vitu uhai na nia. Jua linatufuata, mawingu yanakwenda kwa kupenda, meza inapiga. Sasa mweke mtoto huyo mbele ya simu. Mle ndani mna mtu anayecheka, anayemwita jina, anayeuliza amekula nini. Kwa nini asimpe tonge? Angeninyima, ndiyo ningekuwa na la kulalamika.

Mtoto si redio

Hapa naomba tuache kucheka kidogo.

Ile "vyai viwili" mjomba aliirekodi akaiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Ikawa maarufu. Kila mgeni akija, "Kadogo, njoo. Hizi ni nini?" Kadogo anasema, watu wanakufa kwa kicheko. Siku za mwanzo alifurahi, naye akacheka. Baada ya wiki hivi nikaona anajificha nyuma ya mlango wageni wakiingia. Kisha siku moja alitaka chai, akanyoosha kidole tu. Nikamwambia, "Sema, mama, unataka nini?" Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Kwa siku tatu alionesha vitu kwa kidole. Daftari langu lina kurasa tatu ambazo hazina kitu.

Mama yangu aliishia darasa la saba, hajasoma Piaget wala Berko. Alimwita mjomba uani, akamwambia, "Mtoto si redio, kwamba unafungulia ukitaka kuburudika. Akili yake inafanya kazi, wewe unaichekea." Nilijisikia vibaya kuliko mjomba, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimwuliza mtoto huku nimeshika kalamu.

Baadaye niliona anachofanya mama siku zote bila kujua kina jina gani. Kadogo akisema "washua taa", yeye hamwambii "umekosea" wala hacheki. Anajibu: "Nizime taa? Haya, tunazima taa." Akisema "vyai", anasema, "Ehe, vikombe viwili. Kimoja chako." Kilicho sahihi kinaingia mlemle kwenye jibu, na mazungumzo yanaendelea. Mwaka 1970 Roger Brown na Camille Hanlon walionesha kwamba wazazi hufanya hivyo kwa kawaida: wanamkubalia mtoto au kumkatalia kwa ukweli wa alichosema, na mara chache kwa sarufi yake. Na bado watoto hufika. Siku ya nne Kadogo alimnong'oneza bibi yake sikioni, "Chai." Mama akammiminia kama vile hakuna kilichotokea.

Nikakumbuka semina yetu ya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, kichwa kizuri kweli, aliyekuwa anachanganya l na r. Siku ya pili tu mtu alimwigiza, darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Hakuongea tena semista nzima. Alikuwa akija, anakaa nyuma, anaandika. Tulidhani ni mpole. Yule hakuwa na bibi wa kumwita mjomba uani.

Mama wangapi?

Narudi kwenye "Mama Simu", maana ndiyo iliyonifanya ninunue daftari.

Nilikuwa nimeichukua kama hukumu. Mtoto kaniondolea umama, kanifanya kifaa. Lakini kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, nikaona kitu kingine. Dada yangu ni "Mama Dogo". Jirani anayeuza machungwa ni "Mama Chungwa". Shangazi anayekuja na pikipiki ni "Mama Piki". Sasa fikiria Kiswahili anachokisikia: mama mkubwa, mama mdogo, mama mkwe, mama fulani, mama lishe. Katika lugha yetu mama mara nyingi huja na neno la pili linalosema ni yupi. Kadogo ameisikia kanuni hiyo na kuitumia kama alivyoitumia kwenye chai. Mimi namfikia kwa njia ya simu, basi mimi ni Mama Simu. Hakunitoa kwenye orodha ya mama zake. Aliniingiza, kwa anwani.

Sitadai kwamba hilo limeniponya. Bado anayelala naye ni bibi yake, na akiamka usiku na homa jina analoita si langu. Hilo halitafutwa na somo lolote la isimu, na miezi ya kumaliza shahada naihesabu kwa vidole. Ila sasa nikisikia "Mama Simu" nasikia pia mtoto anayefikiri.

Siku ya kurudi chuoni walinisindikiza hadi stendi ya Muheza. Kila nilipokuwa nikiondoka hata kwenda dukani nilikuwa nikimwambia, "Nitarudi." Basi likawasha injini. Kadogo akiwa mgongoni kwa bibi yake akanipungia mkono na kusema kwa sauti ya amri, kama anavyodai kubebwa:

"Nitarudi!"

Abiria wa dirishani akacheka, "Mtoto anaaga kama ndiye anayesafiri." Sikumsahihisha. Nilimjibu kama mama yangu anavyojibu: "Ehe, mama. Nitarudi. Mwezi wa pili nitarudi."

Kwa hiyo wenzangu, likizo ijayo mkienda nyumbani na kukuta mdogo wako, mpwa au mwanao anasema neno ambalo halipo, cheka, nani atajizuia. Ukimaliza kucheka mjibu alichouliza. Na kama una daftari, andika na tarehe, kwa sababu wiki mbili tu zikipita neno hilo litakuwa limekwisha, na hata yeye mwenyewe atakukatalia kwamba aliwahi kulisema.